Herbert Garratt: Mhandisi aliyekufa kabla ya treni zake kupanda milima yetu

Mfanyabiashara wa mpakani leo hii, awe wa Gatuna, Kagitumba au Rusumo, akingoja mzigo wake kutoka pwani huwa anangoja lori. Wazee wetu waliofanya biashara kabla yake walingoja treni. Chumvi, saruji, mabati, vitenge, majembe na mafuta ya taa vilishushwa melini Mombasa, vikapakiwa kwenye mabehewa, vikavutwa kupanda bara hadi Kampala, kisha vikaja huku kwa barabara. Sehemu ya kahawa yetu nayo ilifuata njia hiyo hiyo kurudi baharini.

Kwa takriban nusu karne, kazi nzito kuliko zote katika reli ile ilifanywa na vichwa vya treni vya mvuke vilivyoitwa kwa jina la mtu mmoja, Garratt. Mtu huyo alikuwa Mwingereza. Alikuwa amekufa miaka 13 kabla kichwa cha kwanza cha aina yake hakijafika Mombasa.

Nimeona niandike habari za maisha yake kwa sababu mbili. Kwanza, mimi ni mwalimu wa sayansi, na sijapata mfano bora kuliko huu wa kuwaeleza wanafunzi jinsi uzito unavyoweza kugawanywa. Pili, nilizaliwa ukimbizini na kusoma Nakuru, Kenya, mji uliokua kwa sababu ya reli. Wakati wangu vichwa vya mvuke vilikuwa vimekwisha kustaafu na dizeli ndizo zilizopita. Lakini wazee waliovitumikia walikuwa bado hai. Jirani yetu mmoja, ambaye sisi watoto tulimwita Babu, alikuwa mchochea moto wa reli kwa miaka mingi. Jina la Garratt nililisikia kwanza kinywani mwake, na kila alipolitaja alinyoosha mgongo kidogo, kama askari anayetaja kikosi chake.

Kijana wa karakana

Herbert William Garratt alizaliwa London tarehe 8 Juni 1864. Mwaka 1879, akiwa na umri wa miaka 15, aliingia kujifunza ufundi katika karakana ya Bow, mashariki ya London, iliyokuwa mali ya kampuni ya reli ya North London. Alikaa huko hadi mwaka 1882. Mafunzo ya siku hizo yalikuwa ya mikono. Kijana alianza kwa tupa na nyundo, akapita kwa wafua chuma na wafunga boila, na akili ilifuata mahali mikono ilipotangulia.

Baada ya hapo alifanya kazi katika kiwanda cha injini za meli huko Sunderland, kisha akawa mkaguzi chini ya wahandisi washauri wa reli, mmoja wao akiwa Sir Alexander Rendel. Jina hilo lina uhusiano na sisi, maana Rendel ndiye baadaye aliyekuwa mhandisi mshauri wa Reli ya Uganda, ile iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na ziwani Kisumu mwaka 1901.

Garratt hakuwa mtoto wa tajiri wala msomi wa chuo kikuu kinachojulikana. Alikuwa fundi hodari aliyeijua mashine kwa kuigusa. Watu wa aina hiyo walikuwa wengi Uingereza, na nafasi za juu zilikuwa chache. Kama walivyofanya wengi wa rika lake, alikwenda kutafuta kazi ng'ambo.

Miaka ya ugenini

Mwaka 1889 alikwenda Argentina kufanya kazi katika reli ya Central Argentine. Mwaka 1892 alipandishwa kuwa msimamizi wa vichwa vya treni. Kuanzia mwaka 1900 alihama mara kwa mara. Alifanya kazi Cuba, akaenda Lagos katika reli ya serikali, akaenda Lima mji mkuu wa Peru, kisha akaajiriwa na reli za serikali ya New South Wales, Australia. Mwaka 1902 Taasisi ya Wahandisi wa Mitambo ya Uingereza ilimpokea kuwa mwanachama.

Ndugu msomaji uliyekulia ukimbizini, wewe unajua maana ya orodha kama hiyo. Kila nchi ina lugha yake, maji yake, homa zake na wakubwa wake. Unajifunza kuishi na kilichopo.

Na kilichopo, kwa mhandisi wa reli katika nchi zile, kilikuwa karibu sawa kila mahali. Reli za makoloni na za nchi changa zilijengwa kwa fedha kidogo. Vyuma vilikuwa vyembamba, madaraja mepesi, kona kali, na miinuko mirefu kwa sababu hapakuwa na fedha za kutoboa milima. Biashara ilipokua, mizigo ikawa mizito kuliko njia. Ukitaka kuvuta mzigo mkubwa unahitaji kichwa cha treni kikubwa, lakini kichwa kikubwa ni kizito, na kizito kinavunja daraja na kukunja reli. Kikiwa kirefu, hakiwezi kupita kwenye kona. Ukifunga vichwa viwili pamoja, unalipa madereva wawili na wachochea moto wawili kwa treni moja.

Wengine walikuwa wamelijaribu jambo hili kabla yake. Robert Fairlie wa Scotland alitengeneza kichwa chenye boila mbili zilizopeana mgongo. Anatole Mallet, Mswisi, alitengeneza kichwa ambacho sehemu yake ya mbele hujipinda. Vyote viwili vilifanya kazi, lakini boila bado ilikalia magurudumu, na magurudumu yaliinyima nafasi ya kunenepa.

Ingobyi ya chuma

Mwaka 1906 Garratt alirudi Uingereza. Kazi yake sasa ilikuwa kukagua, kwa niaba ya New South Wales, mitambo iliyoagizwa viwandani. Ukaguzi huo ulimfikisha Gorton, Manchester, katika kiwanda cha Beyer, Peacock, kilichoanzishwa mwaka 1854. Beyer mwenyewe alikuwa mhamiaji, Mjerumani kutoka Saxony.

Inaelezwa kwamba wazo la Garratt lilianzia kwenye magari ya reli ya kubebea mizinga mikubwa, ambayo uzito wake ulilazwa kati ya vigari viwili. Mwaka 1907 aliomba hataza ya kichwa cha treni kilichofuata mpango huo huo, na mwaka 1908 akapewa.

Wanafunzi wangu huwa nawaeleza hivi. Sisi Wanyarwanda tuna ingobyi, machela ya asili ya kubebea mgonjwa au mzazi kupanda na kushuka milima. Mgonjwa analala katikati. Wabebaji wako mbele na nyuma. Njia ikipinda, wa mbele anageuka kwanza na wa nyuma anafuata, kila mmoja akitafuta mahali pake pa kukanyaga. Hakuna anayekanyaga chini ya mgonjwa.

Kichwa cha Garratt ndivyo kilivyo. Kuna vigari viwili vyenye magurudumu na silinda zake. Cha mbele kimebeba tangi la maji, cha nyuma kimebeba makaa au mafuta na maji mengine. Katikati, juu ya fremu iliyoegemea vigari hivyo kwa egemeo linalozunguka, ndipo inapolala boila pamoja na chumba cha dereva. Chini ya boila hakuna gurudumu hata moja.

Faida zilikuwa nyingi kuliko zilivyoonekana mwanzoni. Kwa kuwa hapakuwa na magurudumu chini, boila iliweza kuwa nene na fupi, na tanuri likawa pana na lenye kina, likipata hewa ya kutosha. Boila ya namna hiyo hutoa mvuke kwa wepesi. Uzito wote uligawanywa kwenye ekseli nyingi zilizoachana, hivyo daraja halikubeba kila kitu mahali pamoja. Kwenye kona, vigari viwili hufuata mviringo wa reli, na boila hulala kati yao kama uzi wa upinde, ikiegemea upande wa ndani wa kona. Kwa sababu hiyo kichwa hakina haraka ya kupindukia nje. Tena kiliweza kwenda mbele na nyuma bila kugeuzwa, jambo kubwa katika stesheni za porini zisizo na meza ya kugeuzia.

Hesabu za kuligeuza wazo hilo kuwa michoro ya kiwandani zilifanywa kwa sehemu kubwa na Samuel Jackson, mchoraji mkuu wa Gorton. Yafaa atajwe. Mtu mwenye wazo na mtu mwenye hesabu walihitajiana.

Tasmania, mwaka 1909

Mteja wa kwanza hakuwa tajiri. Alikuwa serikali ya Tasmania, kisiwa cha kusini mwa Australia, iliyokuwa na reli ndogo ya machimbo karibu na mji wa Zeehan. Upana wa reli hiyo ulikuwa milimita 610 tu, na kona zake zilikuwa kali mno. Mwaka 1909 Gorton ilipeleka huko vichwa viwili, K1 na K2, kila kimoja kikiwa na uzito wa kama tani 33. Vilifanya kazi iliyotakiwa.

Baadaye ikaja oda ya reli ya Darjeeling huko India, ile inayopanda milima ya chai. Mwaka 1912 Tasmania iliagiza vingine, safari hii vya kuvuta treni za abiria za mwendo wa kasi. Reli za Australia Magharibi nazo zilinunua. Jina la Garratt lilianza kusikika katika ofisi za wahandisi.

Tarehe 25 Septemba 1913 Herbert Garratt alifariki dunia huko Richmond, karibu na London. Alikuwa na umri wa miaka 49. Vichwa vyote vya aina yake vilivyokuwa vimetengenezwa hadi siku hiyo vilikuwa vichache na vingi vyake vidogo. Hakuona hata kimoja cha vile vikubwa vilivyokuja kulifanya jina lake lijulikane kutoka Cape Town hadi Mombasa.

Mwaka uliofuata ulianza Vita Kuu ya Kwanza, na viwanda vya Uingereza vikageukia silaha. Wazo la marehemu lingeweza kuzikwa naye.

Jina lililobaki

Halikuzikwa, kwa sababu nchi zenye matatizo aliyoyaona ugenini zilikuwa bado na matatizo hayo. Baada ya vita Afrika Kusini ilijaribu vichwa vya Garratt kwenye milima ya Natal na ikaridhika. Mwaka 1928 hataza ilipomalizika na kila kiwanda kikawa huru kuiga, Beyer, Peacock ilianza kuviita vichwa vyake Beyer-Garratt ili mnunuzi atofautishe. Kampuni iliweka jina lake mbele, lakini haikuthubutu kulifuta la pili.

Kwa jumla zaidi ya vichwa 1,600 vya aina hii vilitengenezwa duniani, na sehemu kubwa ilikuja Afrika. Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe na Zambia, ilikuwa navyo kwa mamia. Afrika Kusini katika miaka ya 1950 ilinunua vichwa 120 vya aina moja tu, iliyoitwa GMA. Reli ya Benguela huko Angola, ambayo ilibeba shaba ya Katanga hadi bandari ya Lobito, ilivilisha kuni za mikalitusi iliyopandwa kando ya njia kwa kazi hiyo. Nyumbani kwao Uingereza vilitumika vichache. Kampuni ya LNER ilikuwa na kimoja, cha mwaka 1925, na ya LMS ilikuwa na 33. Nchi aliyozaliwa Garratt ilikuwa na reli nzito na madaraja imara, kwa hiyo haikuwa na haja kubwa naye.

Milima inayotembea

Reli ya Kenya na Uganda ilipokea Garratt zake nne za kwanza mwaka 1926. Wakati huo sehemu kubwa ya njia ilikuwa bado na vyuma vyepesi vya ratili 50 kwa yadi, vile vile vya wajenzi wa kwanza. Reli ilifika Kampala mwaka 1931, na kila kilo iliyokwenda huko ilibidi ipande Bonde la Ufa na kuvuka kilele cha Timboroa, chenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,700. Mwaka 1939 zilianza kuja Garratt zenye mpangilio wa magurudumu ambao ulikuwa haujatumika popote duniani. Mwaka 1948 reli ya Kenya na Uganda iliunganishwa na ya Tanganyika kuwa shirika moja la Reli na Bandari za Afrika Mashariki.

Baada ya Vita Kuu ya Pili biashara ilifurika. Bandari ya Mombasa ilijaa, meli zikapanga foleni, na mizigo ikalundikana kwa sababu treni hazikuweza kuiondoa kwa kasi ileile. Wafanyabiashara wa leo wanaolalamikia msongamano wa malori Malaba wajue kwamba ugonjwa huo ni wa zamani.

Dawa ililetwa kwa namna mbili. Ya kwanza ilikuwa daraja la 60, vichwa 29 vilivyoanza kuja mwaka 1953. Kila kimoja kilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 150, lakini hakuna ekseli yake iliyobana reli kwa zaidi ya tani 11, hivyo kiliweza kupita hata kwenye vyuma vyepesi. Hapo utaona wazo la Garratt katika usafi wake wote.

Ya pili ilikuwa daraja la 59, vichwa 34 vilivyotengenezwa Gorton mwaka 1955 na 1956 kwa ajili ya njia kuu ya Mombasa hadi Nairobi, iliyokuwa imewekewa vyuma vizito zaidi. Kila kimoja kilikuwa na urefu wa karibu mita 32 na uzito wa zaidi ya tani 250. Boila yake ilikuwa na kipenyo cha mita 2.29, wakati upana wa reli yenyewe ni mita moja tu. Katika reli zote za mita moja duniani hapakuwa na kichwa cha mvuke chenye nguvu kuvishinda. Kimoja kilivuta treni ya tani 1,200 kutoka usawa wa bahari hadi Nairobi, mwinuko wa zaidi ya mita 1,600 katika safari ya kama kilomita 530. Hesabu mwenyewe: huo ni uzito wa malori yasiyopungua 20 yaliyosheheni, nyuma ya dereva mmoja.

Vichwa vya daraja la 60 vilipewa majina ya magavana wa kikoloni. Vya daraja la 59 vilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kulikuwa na Kilimanjaro, Kenya, Elgon, Ruwenzori, Meru, Longonot na Rungwe. Na kulikuwa na Muhavura na Mgahinga, milima ambayo sisi tunaiita Muhabura na Gahinga, inayosimama juu ya mpaka wetu na Uganda. Wenzetu waliokulia Kisoro waliuona Muhabura kila asubuhi kutoka upande wa pili, wakiambiwa na wazazi kwamba nyuma yake ndiko nyumbani. Miaka hiyo hiyo jina la mlima huo lilikuwa likipita Voi na Mtito Andei usiku, juu ya chuma chekundu, likivuta mizigo.

Baada ya uhuru majina ya magavana yaliondolewa. Ya milima yalibaki.

Waliolisha moto

Kichwa cha mvuke hakiwashwi kwa ufunguo. Kwa saa nyingi kabla ya safari, moto unawashwa taratibu ili boila isipasuke kwa joto la ghafla. Garratt za Afrika Mashariki za miaka hiyo zilichoma mafuta mazito badala ya makaa. Mchochea moto hakubeba koleo, lakini jicho lake halikupumzika. Alipima mafuta, hewa na maji kwa pamoja. Moshi mweusi ukitoka, mafuta yanapotea. Maji yakishuka chini ya kipimo, watu wanaweza kufa. Kila baada ya muda alirusha mchanga tanuruni, upepo wa moto ukaupitisha kwenye mirija na kukwangua masizi. Babu alituonyesha kwa mkono wake jinsi ya kuurusha, kama mtu anayepanda ulezi.

Safari zilikuwa ndefu. Mara nyingi kikosi cha watu wawili kiliendesha huku kikosi kingine kimelala kwenye behewa lao maalumu nyuma, na baada ya saa kadhaa wakabadilishana. Kichwa kimoja kilikabidhiwa kwa watu walewale, nao wakakitunza kama mali yao. Madereva Makalasinga walijulikana kwa kung'arisha shaba na kupamba vichwa vyao hadi abiria wakasogea kujitazama.

Lakini tusipambe kila kitu. Katika reli za ukoloni kazi na mishahara viligawanywa kwa rangi. Mzungu alikuwa juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Mwafrika aliweza kumtumikia dereva miaka 15, akaijua mashine kwa sauti yake tu, na bado akabaki na kitambaa cha kufutia mafuta. Katika mgomo mkubwa wa Mombasa wa Januari 1947, watu wa reli walisimama pamoja na watu wa bandari. Kadiri uhuru ulivyokaribia, na hasa baada yake, Waafrika wengi zaidi walikalia kiti cha dereva. Wengi walikikalia miaka michache tu kabla mvuke wenyewe haujaondolewa. Babu hakukifikia kabisa, na hilo ndilo jambo pekee ambalo hakupenda kulizungumzia.

Wazo la Garratt liligawa uzito kwa haki kwenye kila ekseli. Shirika lililoitumia mashine yake halikuwagawia hivyo watu wake. Mwanafunzi wangu mmoja aliliona hilo darasani kabla sijalisema.

Mwisho wa mvuke

Wahandisi wa Afrika Mashariki walikuwa na mpango wa Garratt kubwa zaidi, daraja la 61, ambayo ingezidi tani 370. Haikutengenezwa. Dizeli ilikuwa imekuja, haikuhitaji maji njiani wala saa nyingi za kuwashwa, na mtu mmoja aliweza kuiendesha. Kiwanda cha Gorton kilifungwa mwaka 1966. Vichwa vya daraja la 59 vilianza kuondolewa kazini mwaka 1973. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na shirika la reli likagawanywa kati ya nchi tatu. Kufikia mwaka 1980 safari za milima inayotembea zilikuwa zimekwisha.

Kati ya vichwa 34 vilibaki viwili, nambari 5918 Mount Gelai na nambari 5930 Mount Shengena, katika makumbusho ya reli Nairobi. Shule ilitupeleka huko nikiwa darasa la saba. Wenzangu walipanda juu kupigana picha. Mimi nilizunguka chini ya boila, nikainama, nikahakikisha alichosema Babu: hapakuwa na gurudumu. Muhavura na Mgahinga vilikatwakatwa vikawa chuma chakavu pamoja na vingine.

Kichwa cha kwanza kabisa kilikuwa na bahati nzuri zaidi. K1 ya Tasmania ilirudishwa Uingereza mwaka 1947, ikanunuliwa na wapenzi wa reli mwaka 1966, ikafufuliwa, na mwaka 2006 ikaanza maisha mapya kwenye reli ya milimani ya Welsh Highland huko Wales. Mashine aliyoiona Garratt mwenyewe akiwa hai imeishi zaidi ya karibu zote ambazo hakuziona.

Anachotuachia

Huku kwetu reli haikufika. Imepangwa mara nyingi, imechorwa kwenye ramani mara nyingi, na watoto ninaowafundisha wanaijua treni kwa picha. Reli mpya kutoka Mombasa ilifunguliwa hadi Nairobi mwaka 2017 kwa mataruma ya zege na vyuma vizito. Njia ya namna hiyo haihitaji tena werevu wa Garratt. Nchi yenye fedha za kujenga njia imara hununua kichwa chochote.

Lakini wengi wetu hatukuanza na njia imara. Tuliorudi mwaka 1994 na baada yake tulikuta madaraja mepesi ya kila namna, shuleni, sokoni na majumbani, na mzigo ulikuwa mkubwa kuliko vyote tulivyojifunza kubeba. Kila mmoja alileta alichokiokota ugenini. Huyu alileta ufundi wa magari wa Kampala, yule hesabu za Bujumbura, mwingine biashara ya Goma, na mimi Kiswahili cha Nakuru na habari za mzee wa reli.

Garratt naye aliokota wazo lake hivyo, nchi moja baada ya nyingine, akifanya kazi za watu wengine. Alipolileta nyumbani, waliolihitaji zaidi walikuwa mbali, na alipokufa hakuna aliyejua litafika wapi. Lilifika Timboroa, likafika Kampala, na jina la mlima wetu likapanda nalo kutoka Mombasa. Ukipita Musanze siku isiyo na ukungu, Muhabura utauona.